Chura wa Shengena

Mtu asimamaye Same huona nchi mbili kwa mara moja. Chini pana uwanda mkavu wa miiba na vumbi. Juu pana Milima ya Upare Kusini, na kilele cha Shengena, chenye kimo cha zaidi ya mita 2,400, kikijifunika ukungu. Katika msitu wa Chome ulioko huko juu huishi chura mdogo mwenye ngozi ya machunjua, ambaye usiku hupanda vichaka na matawi. Ukoo wake hautagi majini wala hauna viluwiluwi: mayai hutagwa nchi kavu, na kitoto hutoka hali ni chura kamili. Hahitaji kidimbwi, haja yake ni kivuli na unyevu. Lakini kivuli kikiondoka hana pa kukimbilia, maana uwanda ule kwake ni mauti.

Wataalamu walimpa jina mwaka 2010: Callulina shengena. Mimi ni mwalimu wa lugha, na majina ndiyo mali yangu. Nilifurahi kuona jina la mlima wa Upare limeingia katika vitabu vya elimu ya dunia. Hata hivyo, jina si boma. Mkulo, mti wa kafuri uliokuwa fahari ya Chome, ulikuwa na jina tangu zamani, wala jina halikuuzuia msumeno wa wezi wa mbao. Chura wa Kihansi alijulikana mwaka 1996; mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, akawa amesalia katika malezi ya bustani za wanyama za Marekani.

Wapare wa kale walikuwa na hekima nyingine. Walitenga misitu mitakatifu iitwayo mpungi, wakaikataza shoka. Hawakuhesabu faida ya kila kiumbe. Waliiheshimu nyumba nzima, na kila aliyekaa ndani yake akapata amani. Aulizaye leo chura huyu ana faida gani, na azitazame ndiva, yale mabwawa ya mababu yanyweshayo mashamba. Maji yake hutoka katika milima hiyo hiyo. Msitu ukishindwa kumhifadhi chura, utamhifadhije mkulima?

Kamusi yaweza kutunza neno baada ya kitu chake kufa. Hiyo ni kazi njema, lakini ni kazi ya makaburini. Afadhali wanafunzi wetu walijue jina la chura wa Shengena ilhali sauti yake ingali ikisikika usiku.