Mgeni njoo, mwenyeji apone: siku tulipoongeza wanaprogramu

Nimepotea, najua. Wengine mmeniuliza kama niliacha kompyuta nikaenda kufuga kuku. La hasha! Nilikuwa nashughulikia jambo ambalo nilidhani litanichukua mwezi mmoja, nalo likanila karibu mwaka mzima: kuongeza wanaprogramu katika studio yetu ndogo ya michezo ya vita. Leo nimeketi niwasimulie, pamoja na aibu zangu.

Kwanza tuelewane. Nikisema mchezo wa vita sizungumzii ule wa kukimbia na bunduki ukifyatulia kila kinachosonga. Nazungumzia mchezo wa ramani na majemadari, ulio karibu zaidi na drafti au bao. Unakaa, unafikiri, unawapa askari amri, kisha unasubiri uone kama ulikuwa na akili au ulijidanganya. Wapenzi wa michezo hii si wengi, lakini ni watu makini. Ukikosea idadi ya bunduki za rashasha za kikosi kimoja, utaandikiwa barua ya kurasa tatu.

Mchezo wetu unahusu mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Waingereza walileta jeshi kutoka India kwa meli, watu wapatao 8,000 chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, na baadhi waliletwa kwa reli kutoka upande wa Moshi. Waingereza walishindwa vibaya. Hata nyuki waliochokozwa na vurugu za vita waliingia uwanjani, wakawauma watu wa pande zote mbili. Hesabu hiyo ya 8,000 kwa 1,000 iwekeni akilini, nitairudia.

Kwa miaka sita studio ilikuwa watu wawili, katika chumba kimoja cha ghorofa pale Ngara, Nairobi. Mwenzangu anasoma historia, anachora ramani, anatunga kanuni na kutafuta fedha. Mimi naandika programu. Zote. Na nikiri mapema kwamba nilijivunia hilo. Mtu akiniuliza programu iko wapi, nilikuwa naonyesha kichwa changu, tunacheka.

Kisha nikaugua homa ya matumbo. Siku kumi na mbili kitandani. Katikati ya siku hizo mwenzangu alitakiwa kumwonyesha msambazaji mmoja toleo la majaribio, na asubuhi yake mchezo ukakataa kufungua faili zilizohifadhiwa. Alikuja nyumbani na laptopu, akaiweka juu ya blanketi. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Nilijaribu kumweleza aguse wapi, lakini kila sentensi yangu ilihitaji sentensi nyingine kumi nyuma yake. Tulishindwa. Mkutano ule ukapita hivyo hivyo.

Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni akaniuliza polepole, "Bwana, wewe ukituacha, mchezo huu tunauzika pamoja na wewe?"

Sikuwa na jibu.

Kusema kweli, fani hii ina desturi ndefu ya kubebwa na mtu mmoja mmoja. Gary Grigsby wa Marekani alitoa Guadalcanal Campaign mwaka 1982 kwa kompyuta ya Apple II, programu aliyoiandika mwenyewe, ikauzwa na kampuni ya SSI. Combat Mission: Beyond Overlord ya mwaka 2000, mchezo ulionifanya niipende kazi hii, programu yake iliandikwa na Charles Moylan. Ndani yake wachezaji wote wawili hutoa amri, kisha sekunde 60 za vita hujiendesha zenyewe bila mtu kuingilia. Nilipokuwa kijana niliona hiyo ndiyo sifa: mtu mmoja, jeshi zima. Sikuzingatia kwamba hata Grigsby hakubaki peke yake. War in the East ya mwaka 2010 ilitoka 2by3 Games, studio aliyoianzisha pamoja na Joel Billings na Keith Brors.

Basi tukapiga hesabu. Tulikuwa na akiba ya kulipa mishahara miwili mipya kwa miezi saba. Tukaajiri dada mmoja kutoka Mombasa na kijana mmoja kutoka Kisumu, wote wazuri kunizidi katika mambo kadhaa. Mimi nikatangaza kwamba sasa tutakwenda mara tatu ya mwendo wa zamani.

Tulikwenda nusu ya mwendo wa zamani.

Wale mliosoma mtanicheka, maana jambo hili lina umri mkubwa. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 wa IBM, alieleza katika kitabu chake The Mythical Man-Month cha mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Sababu yake ni ya hesabu tu. Watu wawili wana njia moja ya mazungumzo. Wanne wana njia 6. Kumi wana njia 45. Tena wageni lazima wafundishwe, na anayewafundisha ni yule yule mliyetaka kumpunguzia mzigo. Kitabu hicho nilikuwa nacho rafuni. Nilidhani kinawahusu wenye makampuni makubwa.

Sasa niwaeleze kisa cha nyuki, maana hapo ndipo nilipofunzwa adabu.

Katika mchezo wetu watu wawili wanaweza kupigana wakiwa mbali, mmoja Nairobi na mwingine Muscat. Hatutumi picha ya vita, tunatuma amri tu, kisha kila kompyuta inapiga hesabu ya vita nzima yenyewe. Age of Empires ya mwaka 1997 ilitumia ujanja huo huo, ili modemu za wakati ule ziweze kubeba vita vya mamia ya askari. Sharti lake ni moja: kompyuta zote mbili lazima zipate jibu lile lile kabisa, hadi risasi ya mwisho.

Lakini vita vina bahati, na bahati ya kompyuta ni dadu za uongo. Kompyuta hupewa namba ya kuanzia, tunaiita mbegu, na kutoka kwenye mbegu hiyo hutoa orodha ndefu ya namba zinazoonekana za kubahatisha. Mbegu ikiwa moja, orodha ni moja, kwa mpangilio ule ule. Kompyuta mbili zenye mbegu moja zitarusha dadu sawasawa milele, mradi tu hakuna inayorusha mara moja zaidi ya mwenzake. Ikitokea hivyo, kila dadu inayofuata inahama nafasi yake, na vita viwili tofauti vinaanza bila mtu kujua.

Yule dada alipewa kazi ya kuchora nyuki. Akawachora vizuri ajabu, kila mmoja akiyumba hewani kwa njia yake. Ili wayumbe, alitumia dadu alizozikuta katika programu. Kwenye kompyuta zenye nguvu nyuki walichorwa. Kwenye kompyuta dhaifu picha zilipunguzwa, nyuki hawakuchorwa, na dadu hazikurushwa. Matokeo yake, kwa mchezaji mmoja kikosi cha North Lancashire kilikuwa kinasonga mbele, na kwa mwenzake kikosi hicho hicho kilikuwa kimeshatimuliwa hadi ufuoni. Wajaribu wetu wakaanza kutuandikia kwa hasira. Mwezi wa nne ulikuwa umeisha na akiba inapungua.

Niliipata hitilafu usiku. Asubuhi nilimkaripia yule dada mbele ya wenzake wote. Nikamwambia kila mtu anayejua michezo ya vita anajua kwamba dadu za vita hazitumiki kwa mapambo. Aliniacha nimalize, kisha akauliza kwa upole, "Samahani kaka, sheria hiyo imeandikwa wapi?"

Haikuwa imeandikwa popote. Ilikuwa kichwani mwangu, pale pale nilipokuwa naonyesha kwa kidole nikicheka.

Akaomba ruhusa ya kutenganisha dadu: za vita upande wake, za mapambo upande wake, ili mtu asiweze kuzichanganya hata akitaka. Ilimchukua siku tatu. Siku ya tatu akaja kwenye meza yangu na karatasi. Alikuwa amekuta mahali pengine pawili ambapo dadu za vita zilitumika kwa mapambo: moshi wa meli na mawimbi ya bahari. Niliviandika mimi mwenyewe, usiku fulani, miaka mitatu nyuma. Havikuwahi kutusumbua kwa sababu nilikuwa najaribu mchezo kwenye laptopu zangu mbili za aina moja, na zote mbili zilikosea pamoja.

Hakusema neno. Aliiweka karatasi mezani akarudi kukaa. Nadhani angenicheka ingekuwa nafuu.

Mchana ule niliwaalika wote nyama choma pale Kariokor, si mbali na ofisi. Wengi wenu mnakula pale bila kufikiria jina lenyewe. Linatokana na Carrier Corps, wale wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita hivyo hivyo tunavyovitengenezea mchezo. Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina hilo hilo. Mbele ya wote nilimwomba yule dada msamaha, kwa maneno kamili, si kwa kumnunulia nyama tu. Akasema yameisha, ila akaongeza kwamba wiki ile alikuwa ameshaanza kutafuta kazi kwingine. Nyama ikanikwama kooni. Tungempoteza mtu bora tuliyenaye kwa kosa ambalo nusu yake lilikuwa langu.

Hapo ndipo nilipoirudia ile hesabu ya 8,000 kwa 1,000. Aitken hakukosa watu. Watu wake walikuwa wametoka baharini baada ya wiki nyingi melini, vikosi vingi havijawahi kufanya mazoezi pamoja, na waliteremshwa kwenye ardhi ambayo hakuna aliyeipeleleza vya kutosha. Miaka sita nilikuwa naandika programu ya kuonyesha kwa nini wingi haukumsaidia, kisha nikawateremsha watu wangu wawili ufuoni bila ramani.

Basi, kwa mdau yeyote mwenye studio au kampuni ndogo anayefikiria kuongeza watu, haya ndiyo tuliyobadilisha:

1. Kazi ya kwanza ya mgeni si kuongeza kitu. Ni kuuliza maswali na kuandika majibu. Kila "kwa nini" aliyoniuliza ikawa sentensi katika faili moja wanayoisoma wote. Sasa ina kurasa 40.

2. Sheria isiyoweza kuvunjwa kwa bahati mbaya ni bora kuliko sheria inayokumbukwa. Kila mwisho wa zamu, kompyuta zote mbili zinafupisha hali ya vita kuwa namba moja na kulinganisha. Zikitofautiana, mchezo unasimama na kusema ni zamu ipi.

3. Mwenye studio hesabu muda wako mwenyewe kama gharama. Miezi mitatu ya kwanza niliandika programu kidogo sana, na nilipoacha kulilalamikia hilo, mambo yakaanza kwenda.

4. Ajiri kabla hujazidiwa. Sisi tulingoja hadi nikaugua.

Najua kuna atakayesema siku hizi kuna akili bandia inayoandika programu, za nini kuajiri watu? Tunaitumia, na inasaidia. Lakini inasoma kilichoandikwa. Sheria yangu ya dadu isingeiona kama yule dada alivyokuwa haioni, na isingenishika shati kuniuliza imeandikwa wapi.

Mchezo ulichelewa miezi mitano. Mwezi wa saba ulipoisha, mwenzangu alikopa kwa chama chake ili mishahara isikatike, na deni hilo bado tunalilipa. Siwaambii tumetajirika.

Ila mwezi jana nilipigiwa simu kwamba mama hajisikii vizuri, nikaenda nyumbani kijijini kwa siku tisa. Mtandao kule ni wa kupanda mlimani. Siku mbili za kwanza nilipanda mlima kutafuta ujumbe wa kuniita. Haukuwepo. Siku ya tatu nikaacha kupanda, nikakaa na mama. Niliporudi Ngara nilikuta hitilafu mbili zimerekebishwa na toleo jipya limeshatumwa kwa wajaribu, tena moja ya hitilafu hizo ilikuwa ndani ya msimbo wangu wa zamani kabisa, ule ambao zamani sikuruhusu mtu auguse.

Niwe mkweli, iliniuma kidogo. Kisha nikamwita mwenzangu nikamwambia lile swali alilouliza mlangoni, jibu lake ninalo sasa: hapana, hamtauzika.

Mama anaendelea vizuri. Tupo pamoja.