Bibi Niliyemtunga Mimi

Ile karatasi iliyokuwa ikining'inia kwenye kila kikapu, iliyosema mistari myekundu yenye kona ni njia aliyopita bibi wa Kipare akishuka kutoka mlima Shengena na mtoto mgongoni, niliiandika mimi. Bibi huyo hakuwahi kuishi. Nilimtunga usiku mmoja mjini Same, umeme umekatika, na asubuhi mzigo ulikuwa upande basi la Arusha.

Akina mama wa Mbaga wanaosuka vikapu hivyo hawakuniambia lolote la namna hiyo. Nilipouliza mistari ile ina maana gani, mmoja alinijibu, "Inapendeza." Mimi nikaona mtalii hawezi kulipia jibu hilo.

Nikadanganya na rangi pia. Niliandika kwamba wekundu umetoka kwenye mizizi ya mdaa. Mdaa upo kweli, na mizizi yake ikichemshwa hutoa rangi ya hudhurungi iliyokolea. Ila wekundu wetu ulikuwa unga wa dukani, wa pakiti. Unamwagwa kwenye sufuria ya maji ya moto yenye chumvi, nyuzi zinatumbukizwa na kugeuzwa kwa kijiti, na vidole vinabaki vyekundu hadi Jumapili kanisani. Wageni wakija kutazama, mimi ndiye niliyekuwa nikisema pakiti zifichwe.

Tena nilidai ufundi huu una miaka elfu, wakati mkonge wenyewe unaosukiwa vikapu hivi uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Hakuna mnunuzi aliyeniuliza.

Mwaka jana akaja mwanafunzi wa chuo kurekodi simulizi za wanawake. Mama yule yule wa "inapendeza" akashika kikapu, akaanza: bibi, Shengena, mtoto mgongoni. Akaongeza na mvua, ambayo mimi sikuiweka. Nilikuwa nimekaa pale pale na kikombe cha chai. Nikanyamaza.

Jioni nikamwambia, "Mama, ile hadithi niliitunga mimi."

Akacheka. "Najua, mwanangu. Kwani ulipotuuliza sikuwepo? Lakini vikapu vinatoka."

Nikamuuliza bibi yake mwenyewe alisimulia nini walipokuwa wakisokota nyuzi pajani. Akaanza, kwa Kipare, sauti ikabadilika kabisa. Kisha akaona nimetoa kalamu, akakatiza. "Hiyo si ya karatasi," akasema.

Karatasi nimeziondoa, na mauzo yameshuka. Akina mama wananilaumu. Yule mwanafunzi, namba yake ninayo, bado sijampigia.