Seneta Mmoja Asifunge Mlango wa Mahakama

Jersey City, New Jersey



 

Habari za mahakama za Marekani zinazofika huko nyumbani Kenya ni za Mahakama ya Juu ya Washington, karibu zote. Lakini Mkenya anayeishi huku anaweza kumaliza umri wake asipeleke shauri hata moja Washington. Talaka yake, malezi ya watoto, fidia ya ajali, ugomvi na mwenye nyumba, yote hayo huamuliwa na majaji wa jimbo. Leo nataka niwaeleze majaji hawa wanavyopatikana New Jersey, na kwa nini utaratibu huo unapaswa kurekebishwa upesi.

Texas majaji hupigiwa kura kwa tiketi za vyama. Hapa hawapigiwi. Katiba ya jimbo ya mwaka 1947 imempa gavana kazi ya kuteua na Seneti kazi ya kuidhinisha. Gavana hutangaza jina hadharani siku saba kabla ya kulipeleka Seneti. Jaji huanza na muhula wa miaka saba. Akiteuliwa na kuidhinishwa tena, huketi mpaka atimize miaka 70. Nani angelalamikia mpango huo?

Tatizo ni desturi isiyokuwemo katika katiba wala katika sheria yoyote. Seneta wa kaunti anakotoka mteuliwa anaweza kulizuia jina lake. Halazimiki kutoa sababu. Halazimiki hata kutamka kwamba anakataa. Asipotoa ridhaa yake, basi, jina linakwama, na Seneti yenye wajumbe 40 haipati nafasi ya kulipigia kura. Mara nyingine mteuliwa hana dosari yoyote. Seneta ana jambo lake analolitaka kwa gavana, na analishikilia jina la jaji mpaka apewe.

Februari 2023 wananchi walilipia ucheleweshaji wa aina hii. Jaji Mkuu wa jimbo, Stuart Rabner, alisimamisha usikizaji wa kesi za madai na za talaka, isipokuwa chache mno, katika kaunti sita: Hunterdon, Somerset, Warren, Cumberland, Gloucester na Salem. Majaji hawakutosha. Mahakama, alieleza, zinaweza kuhimili nafasi wazi 25 hadi 30, ilhali kwa miaka mitatu wastani ulikuwa umepita 50. Kustaafu kwa majaji na kuchelewa kwa uteuzi kulichangia, lakini jina lililokwisha kuteuliwa halina udhuru wa kulala kwenye faili.

Dada mmoja wa kwetu, anayefanya kazi ya kuwatunza wazee, alikuwa na kesi ya talaka katika mojawapo ya kaunti hizo. Mawakili walikuwa wamemaliza hati zote. Bila hukumu, nyumba haikuweza kuuzwa, na mkopo ulikuwa bado kwa majina ya wote wawili. Mume alikwisha kuhama na kuacha kulipa. Kila mwezi benki ilimdai yeye, naye akaongeza zamu za usiku huku watoto wakilala kwa jirani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yaliyoumia hapa si ya seneta.

Wanaoitetea desturi hii husema seneta anawajua watu wa kaunti yake, hivyo atamtambua mapema mtu asiyefaa. Sikatai. Basi na aje mbele ya kamati ya sheria, aseme anachokijua, na mteuliwa apate nafasi ya kujibu. Kauli iliyotolewa hadharani inaweza kupimwa. Kimya hakipimiki.

Sisi Wakenya tunalijua jambo hili vizuri. Mwaka 2011 Tume ya Huduma za Mahakama ilimhoji Willy Mutunga hadharani kabla hajawa Jaji Mkuu, na mwaka 2021 tulimtazama Martha Koome akihojiwa moja kwa moja kwenye televisheni. Hapo tuliwapita wengi. Lakini majina ya majaji ambayo Tume ilipendekeza mwaka 2019 yalikwama Ikulu. Mahakama Kuu iliamua kwamba Rais hana hiari ila kuwateua, na bado Uhuru Kenyatta aliteua 34 tu, Juni 2021. Sita aliwaacha akitaja uadilifu wao, bila kuuweka ushahidi mbele ya umma. Waliapishwa Septemba 2022, baada ya William Ruto kushika madaraka.

Huku ni seneta, kule alikuwa Rais. Kosa ni lile lile, mtu mmoja kuzuia bila kuwajibika. Dawa yake haina maajabu. Kila jina liwekewe muda maalumu wa kuamuliwa. Anayepinga aandike sababu zake na zisomwe hadharani. Muda ukiisha, kura ipigwe. New Jersey haihitaji hata kubadilisha katiba, kwa kuwa desturi hii iliwekwa na maseneta na maseneta wanaweza kuiondoa.

Kwa hiyo, wenzangu mliopata uraia na mnaopiga kura hapa, mpigieni simu seneta wenu mumuulize ni majina mangapi ya majaji ameyazuia na kwa nini. Nanyi mlio nyumbani, siku ile Tume itakapoketi kuhoji majaji, fuatilieni mpaka wa mwisho aapishwe. Asiyeweza kutaja sababu yake hadharani hana haki ya kumzuia jaji.