Krediti 12 za Mzee wa Maabara

Mzee aliyenifundisha kemia ya mikono alifariki mwezi Juni. Katika wasifu uliosomwa kabla ya maziko alitajwa kuwa mhudumu wa maabara mstaafu, na ndivyo mwajiri alivyomwandika tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Mimi nilistaafu ualimu mwaka 2024 nikiwa na shahada mbili. Sehemu ya kazi yangu iliyowafaa wanafunzi kuliko nyingine zote niliipata kwake, wala shahada hizo hazikuniongezea kitu hapo. Mabishano tuliyokuwa nayo chuoni kuhusu masharti ya shahada ya mwalimu wa sayansi hayajaisha, na yeye hakupata kuitwa kwenye kikao chochote kuyasemea.

Nilizaliwa Rungwe mwaka 1964, mtoto wa wakulima wa kahawa na ndizi. Elimu ya Msingi kwa Wote (UPE) ilipoanza mwaka 1977 shule zilifurika watoto, na vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufundisha huku wenyewe wakiendelea kufundishwa kazi. Nilisoma sekondari, nikachukua mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati (PCM), nikaenda JKT kwa mujibu wa sheria, nikapata stashahada ya ualimu. Ajira ilinikuta mwaka 1988. Walimu wengi wa rika langu wamepita njia hiyo hiyo.

Nilipangiwa shule kongwe ya bweni mkoani Ruvuma, iliyokuwa ya wamisionari kabla ya serikali kuitaifisha. Maabara yake ya kemia ilikuwa na meza za mninga na makabati ya vioo, ila mabomba ya gesi yalikuwa yamekauka zamani. Mzee alikuwa humo. Alimaliza darasa la nane, akaanza kazi akiwa kijana chini ya mtawa wa Kibenedikti aliyefundisha sayansi, na mtawa alipoondoka yeye akabaki na funguo.

Chuo cha ualimu kilinifanyisha titresheni nyingi, nami nilikuwa mwepesi wa bureti na pipeti. Lakini kila tulipoingia maabara tulikuta chupa zimejazwa na kubandikwa lebo: asidi ya haidrokloriki, 0.1 M. Aliyezijaza hatukumwona, na mtaala haukututaka tumjue. Ruvuma chupa zilikuwa tupu, na mtu wa kuzijaza nilikuwa mimi, mwalimu wa kemia.

Nitaieleza kazi yenyewe, kwa sababu wanaoidharau kwa kawaida hawajaifanya.

Asidi ya haidrokloriki kali inapotoka kiwandani huwa karibu 12 M. Ukitaka lita moja ya 0.1 M, hesabu itakwambia uchukue takriban sentimita za ujazo 8.5, uzimimine ndani ya maji, kamwe usimwage maji ndani ya asidi. Hesabu hiyo ni sahihi kwa chupa mpya. Chupa iliyofunguliwa miaka mitatu iliyopita imeshapoteza gesi, na nguvu yake haijulikani tena. Kostiki (haidroksidi ya sodiamu) nayo, gramu 4 kwa lita, inanyonya unyevu wa hewa ikiwa bado juu ya mizani na inakula hewa ya ukaa ndani ya chupa. Kwa hiyo huwezi kuiamini asidi kwa kostiki wala kostiki kwa asidi. Unahitaji kitu cha tatu ambacho uzito wake unaaminika, yaani kabonati ya sodiamu iliyo kavu kabisa. Shule yetu haikuwa nayo, wala bohari ya mkoa.

Mzee alikwenda dukani kununua bikabonati, ile ya kuokea mikate. Alinionya nisiichanganye na beki pauda, ambayo ndani yake mna wanga na vitu vingine. Alipima gramu 8.4 katika kibakuli cha kauri, akakipasha juu ya jiko la mkaa, akakiacha kipoe ndani ya chombo kilichofungwa, akapima. Akapasha tena, akapoza, akapima. "Mwalimu," aliniambia, "usiandike kitu mpaka uzito utulie." Ulitulia kwenye gramu 5.3. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu: bikabonati inapopashwa hutoa mvuke wa maji na hewa ya ukaa, na gramu 168 zake huacha gramu 106 za kabonati. Gramu 8.4 lazima ziache 5.3. Kama uzito ungetulia penginepo, tungejua kwamba unga ule haukuwa safi.

Gramu hizo 5.3 katika lita moja zinakupa 0.05 M. Chukua sentimita za ujazo 25, weka matone mawili ya methili oranji, na asidi yako ikiwa kweli ni 0.1 M itatumika 25 hizo hizo mpaka rangi ya njano igeuke. Ikitumika 27, asidi yako ni hafifu, na sasa unajua ni hafifu kiasi gani. Kisha asidi hiyo iliyohakikiwa ndiyo inayoihakiki kostiki. Maji tulikinga ya mvua tukayachemsha na kukusanya mvuke wake, na fedha ilipopatikana tulinunua maji ya betri.

Kila mwaka Baraza la Mitihani hutuma shuleni maelekezo ya kuandaa mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Mwalimu ndiye anayetengeneza miyeyusho. Akikosea, mwanafunzi aliyefanya kila kitu sawasawa atapata jibu lisilo sahihi, na hatajua kwa nini. Darasa zima linaweza kuangushwa na chupa moja, na mtu aliyeijaza hajawahi kutahiniwa kuijaza.

Katikati ya miaka ya 2000 nilikwenda kusoma shahada ya kwanza. Kuingia kulidai ufaulu wa prinsipo mbili za kidato cha sita katika masomo ya sayansi, au stashahada kwa sisi walimu kazini. Tulisoma masomo mawili ya kufundishia, pamoja na saikolojia, falsafa ya elimu, mitaala, upimaji na mbinu za kufundishia, na tukatoka kwenda mazoezi ya kufundisha mashuleni. Kemia tuliisoma ukumbi mmoja na wale waliokuwa wanasomea sayansi tupu, na jambo hilo naliunga mkono mpaka leo. Wapo wanaodai kwamba mwalimu wa sekondari hahitaji kujua zaidi ya atakachofundisha. Anahitaji, tena sana, kwa sababu swali la mtoto wa kidato cha pili haliishii kwenye muhtasari. Lakini humo maabarani nilikuta chupa zimejazwa vile vile, na lebo zimebandikwa vile vile, miaka karibu ishirini baada ya stashahada.

Baadaye nikawa mhadhiri wa mbinu za kufundishia kemia katika chuo kikuu kimojawapo, nikaingia kwenye kamati ya kupitia upya shahada ya ualimu wa sayansi. Tume ya Vyuo Vikuu inataka shahada ya kwanza iwe na krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Niliomba krediti 12, yaani saa 120, za somo la lazima: kutengeneza na kuhakiki miyeyusho, kupanga stoo ya kemikali, kukarabati vifaa, kubuni vifaa mbadala. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa na sauti kubwa kwenye kamati ile, alijibu kwamba hiyo ni kazi ya fundi sanifu, si ya mtu mwenye digrii. Mwingine akasema kupasha unga juu ya mkaa hakuna hadhi ya chuo kikuu. Somo langu likawekwa kwenye orodha ya hiari, mwisho kabisa, na halikupangiwa maabara wala mwalimu.

Nilimjibu yule wa kwanza siku ile na namjibu hapa. Nitajie sekondari za kata zenye fundi sanifu wa maabara. Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari iwe na maabara tatu, wananchi walichangishwa wakajenga, na mimi nimeingia katika baadhi ya majengo hayo nikikagua wanafunzi wangu wa mazoezi. Nimekuta kemikali zimepangwa kwa alfabeti kama vitabu: alumini ya unga imekaa jirani na nitrati ya amonia, vitu viwili ambavyo havipaswi kulala kabati moja. Nimekuta asidi ya nitriki rafu moja na spiriti. Aliyepanga alikuwa mhitimu wa shahada yetu, mwenye ufaulu mzuri wa saikolojia na falsafa. Kuhusu mkaa, sayansi ya mzee ilikuwa katika kupima mara ya pili na ya tatu, na mizani haiulizi moto umetoka wapi.

Wenzetu Kenya walilijua pengo hili mapema. Mwaka 1998, kwa msaada wa Japani, walianzisha SMASSE kuwapa mafunzo walimu wa sayansi na hisabati waliokwisha kuajiriwa, na kubuni vifaa vya majaribio ilikuwa moja ya nguzo nne za njia yao. Ni kazi nzuri. Lakini mwalimu anayefundishwa hayo baada ya kuajiriwa ameshapitisha madarasa mangapi?

Sisi tumekuwa na desturi ya kufupisha mafunzo ya walimu. Baada ya UPE, sekondari za kata zilipoongezeka kuanzia 2004, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na leseni, mitaani wakaitwa vodafasta, jina lililowaumiza vijana waliokuwa wanafanya walichotumwa. Kisha ikaja stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi pale Dodoma kwa waliomaliza kidato cha nne, na mwaka 2016 zaidi ya 7,000 kati yao wakaambiwa wafungashe warudi nyumbani. Rais aliyekuwa madarakani alikuwa mwenzetu: alifundisha kemia na hisabati Sengerema, akapata shahada ya sayansi na elimu mwaka 1988. Wengi wa vijana wale walipelekwa vyuo vya ualimu baadaye. Waliitwa majina mabaya ambayo hayakuwastahili, kwa kuwa wao hawakuiandika programu ile.

Wewe unayesoma Sayansi na Elimu sasa, usisubiri kamati. Nenda kwa fundi wa maabara ya chuo chako saa ambazo hakuna kipindi, umwombe akufundishe anachofanya kabla hujaingia. Msalimie kwa heshima, maana ana maarifa ambayo mhadhiri wako huenda hana. Jaza chupa zako mwenyewe, zihakiki, andika kwenye lebo tarehe na jina lako. Ukifika shuleni ukakuta kabati limefungwa na mkuu wa shule anakwambia funguo zimepotea, vunja kufuli kwa idhini yake siku hiyo hiyo.

Na kwa watakaoipitia tena shahada hii, ombi langu ni lile lile la krediti 12, pamoja na mtihani wake. Siku ya kwanza mtahiniwa apewe stoo iliyovurugwa aipange, aeleze sababu ya kila kitu alipokiweka. Siku ya pili apewe asidi ya zamani isiyojulikana nguvu, kostiki iliyolowa na pakiti ya bikabonati ya dukani, aandae myeyusho wa darasa la watu arobaini. Siku ya tatu waletwe wanafunzi wa kidato cha nne kutoka shule ya jirani, wafanye titresheni kwa chupa alizozijaza, naye apewe alama kwa majibu watakayoyapata.