Pauni 50, Dakika Tatu

Mama hupiga simu kabla ya adhana ya alfajiri. Kwake Tanga ni saa kumi na moja kasoro. Kwangu hapa Minneapolis ni saa tatu kasoro, usiku wa jana yake. Juni mwaka huu aliniuliza mbona anasikia watoto wanacheza mpira nje usiku wote huo. Nikamwambia jua halijatua.

"Saa tatu usiku, jua la nini? Kalale, mwanangu."

Sikumlaumu. Saa zetu za Kiswahili zinalitegemea jua. Likichomoza tunaanza kuhesabu, saa moja, saa mbili, na likizama tunaanza upya. Hesabu hiyo inakwenda vizuri Tanga kwa sababu jua la kule halina hila: kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote, tofauti haifiki hata saa moja. Mtu wa Pwani hajui majira kwa urefu wa siku, anayajua kwa upepo. Kusi likivuma anajua, kaskazi likigeuka anajua. Jua lenyewe halimshughulishi, maana halina jipya.

Huku jua ndilo lenye mambo. Juni mchana unazidi saa 15, Desemba haufiki saa 9. Mwisho huu wa Agosti tunapoteza kama dakika tatu kila siku. Ukizisikia dakika tatu utaona si kitu, lakini kwa wiki ni dakika ishirini, na baada ya wiki tatu unatoka kazini unashangaa nani amezima taa. Hata ratiba ya jiji imebidi iyumbe na jua. Mwaka 2022 misikiti ya Minneapolis iliruhusiwa kuadhini kwa vipaza sauti, ila kati ya saa moja asubuhi na saa nne usiku tu. Majira ya joto alfajiri inaingia mapema mno na isha inachelewa mno, kwa hiyo adhana hizo zikawa zinabaki nje ya ruhusa. Aprili 2023 baraza la jiji likabadilisha sheria, na sasa zinaadhiniwa zote tano, mwaka mzima.

Kitu kimoja tu hapa hakiyumbi hata chembe: mizani ya uwanja wa ndege.

Begi la safari ya kimataifa mwisho wake ni pauni 50, yaani kilo 23. Ikisoma 51, maneno yanaanza. Safari yangu iliyopita ya kwenda nyumbani sanduku moja lilisoma 54, nami nilikuwa nimelipima nyumbani kwa kamizani kangu ka kuning'iniza. Dada wa kaunta alinitajia dola 100 kwa sauti ileile aliyonisalimia nayo. Nikapiga magoti palepale sakafuni, nikafungua zipu mbele ya foleni nzima. Zikatoka jozi mbili za viatu vya mjomba, chupa za vitamini, mashine ya presha ya Mama. Nilipanda ndege nimevaa makoti mawili, mfukoni nina soksi za mtoto wa jirani.

Zile pauni nne hazikuwa zangu. Zilikuwa za wale waliosema "nibebee kidogo tu." Kila mtu anayesafiri kwenda nyumbani anaijua sentensi hiyo, na anajua kwamba "kidogo tu" ina uzito, na kwamba kuikataa kuna uzito zaidi.

Mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Mwaka 2008, bei ya mafuta ilipopaa, American Airlines ilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza kwenye safari za ndani ya Marekani, na wenzake wengi wakafuata. Mafuta yakaja kushuka, ada ikabaki. Ina utamu wake: nauli ya ndani inakatwa kodi ya asilimia 7.5, ada ya begi haikatwi kodi hiyo. Mei 2025 hata Southwest, iliyokuwa ikijinadi kwamba mabegi mawili ni bure, ikaingia kwenye mkumbo.

Basi nilipotua Dar es Salaam nikashusha pumzi. Mizani imekwisha, nikajisemea, sasa niko kwa watu wa kuongea nao. Asubuhi nikaenda stendi ya Magufuli, Mbezi, kutafuta basi la Tanga. Nyuma ya tiketi kulikuwa na maandishi madogo kuhusu mizigo. Sijawahi kumwona mtu akiyasoma. Konda aliyatazama masanduku yangu, akanitazama mimi.

"Braza, hayo elfu thelathini."

"Elfu thelathini? Si inapita nauli yangu mimi mwenyewe!"

"Mafuta juu, braza."

Pembeni yangu mama mmoja alikuwa na viroba viwili vya mitumba, kila kimoja kikubwa kuliko sanduku langu. Alitoa elfu sita, konda akapokea bila neno, viroba vikaingia kwenye buti. Mimi nilibishana mpaka elfu kumi na nane, nikaona nimeshinda. Tulipokaa, yule mama akanigusa bega.

"Mwanangu, siku nyingine ukishuka kwenye ndege, yabandue hayo makaratasi kabla hujafika stendi."

Nikakumbuka. Lebo za uwanja wa ndege zilikuwa bado zinaning'inia kwenye mikono ya masanduku. Konda hakupima mzigo, alimpima mwenye mzigo.

Nilicheka mpaka Chalinze, ila jambo lile limekaa nami. Wengi wetu tulio nje tukikumbuka nyumbani tunasema kule watu wanaelewana, huku kila kitu ni mashine. Sawa. Lakini kuelewana kwenyewe kuna bei, na anayelipa zaidi ni anayeonekana mgeni au asiyejua kubembeleza. Risiti haipo, na kiroba kikipotea utamuuliza nani? Mizani ya huku angalau haikutazami usoni.

Ila nayo msiisifu sana. Mwenye kadi ya benki inayobeba jina la shirika la ndege, begi lake la kwanza mara nyingi ni bure. Aliyekaa viti vya mbele kwa kawaida habebeshwi ada hiyo. Anayelipa ni yule aliyetafuta tiketi ya bei ya chini kwa sababu hana zaidi. Konda wa Mbezi alinitoza kwa kudhani ninazo. Kaunta ya Minneapolis inamsamehe aliye nazo. Kati ya hao wawili, na nasema hivi nikiwa nimelipa kote kuwili, konda simwonei kinyongo sana.

Nasafiri tena Septemba 20. Nimechagua tarehe hiyo kwa sababu ya nauli tu, lakini nimegundua inaangukia karibu na siku ambazo mchana wa huku na wa Tanga unakaribia kulingana, saa 12 kwa 12. Masanduku yako wazi sebuleni. La kwanza lina pauni 47, na kesho kuna mtu anakuja na "kidogo tu."

Jana Mama kapiga saa yake ileile. Nje kulikuwa giza, watoto wameshaingia ndani.

"Huko saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro, Mama. Usiku."

"Na jua?"

"Lilitua zamani."

Akanyamaza kidogo. "Haya. Sasa hapo ndiyo saa tatu," akasema, kisha nikasikia adhana ikianza nyuma yake, akakata simu.