Kuta Zilizokunywa Maji

Baba mkwe wangu hajawahi kuingia nyumbani kwangu. Nimeolewa hapa miaka 14, na kwa muda wote huo hufika mpaka ukingoni mwa veranda, akasimama, akakohoa, akauliza hali ya watoto, kisha akatolewa kiti cha kukalia chini ya mparachichi. Kwetu Abagusii hiyo huitwa chinsoni, heshima inayomzuia baba kuvuka kizingiti cha mwanawe aliyeoa. Sikuwahi kuiona kuwa mzigo. Lakini usiku wa Ijumaa ya mwisho ya Aprili 2024, maji yakiwa yamenifika magotini chumbani mwangu, nilimwona Tata, ndivyo ninavyomwita baba mkwe, kwenye mwanga wa tochi, amesimama mlangoni huku mvua ikimpiga, mikono kainyoosha ndani, miguu kaiacha nje.

"Nipe watoto," akasema.

Nikampa mmoja baada ya mwingine, wa tatu akiwa amezongwa na blanketi lililolowa. Mama mkwe aliniambia baadaye kwamba mzee alikuwa ameshakata shauri: kama ningeteleza, angeingia, na hayo mengine yangekwenda kutengenezwa na wazee.

Tunaishi karibu na Keroka, upande wa Nyamira, mwendo mfupi tu kabla hujaingia Kisii. Ni mteremko mtupu. Watu wa mbali wakisikia neno mafuriko hufikiria Nyando au Budalang'i, maji yanayotambaa kwenye tambarare na kukaa wiki nzima. Huku maji hayakai. Yanashuka. Kila familia ina kipande chembamba cha shamba kutoka mgongo wa kilima hadi kijitoni: juu mikaratusi, katikati nyumba na majani chai, chini migomba na nyasi za nepia. Tunapata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na miezi ya kupumua ni Januari na Februari tu. Kwa hiyo mvua hatuiogopi, tumezaliwa nayo. Ndiyo maana alasiri ile wingu lilipokuja kutoka upande wa ziwa, mimi nilianua nguo na kuendelea na maandalizi ya Sabato.

Kwanza ilikuja mvua ya mawe. Halafu upepo ukaingia chini ya mabati ya veranda, ukayainua kama mtu anayefunua sufuria, ukaondoka nayo pamoja na mabati sita ya chumba cha nyuma. Hayo peke yake tungeyamudu. Kilichotumaliza ni barabara ya juu yetu. Ilikuwa imechongwa upya mwaka uliotangulia, na kalvati lililowekwa lilikuwa jembamba, tena limejaa majani na chupa za plastiki. Maji yalipokosa pa kupita yaliruka barabara na kuja moja kwa moja kwenye ukuta wetu wa nyuma. Nilibakiwa na akili ya kuzima swichi kuu ya umeme kabla hayajafika kwenye soketi. Kwa hilo namshukuru Mungu hadi leo, kwa sababu dakika chache baadaye mwanangu mkubwa alikuwa amesimama ndani ya maji, ameshika ukuta uleule wenye soketi.

Sasa nieleze jinsi nyumba yetu ilivyojengwa, kwa maana nyumba nyingi huku Gusii zimejengwa hivyo. Matofali ni ya kuchoma, tulifyatua wenyewe na kuyachoma kwa kuni za mkaratusi. Ila kati ya tofali na tofali hakuna saruji, kuna udongo. Saruji hupakwa nje kidogo, kwenye mistari, nyumba ipendeze. Ni ujenzi wa mtu mwenye mshahara wa mwalimu na hauna aibu. Ukuta wa namna hiyo ukikaa mkavu utawazika waliojenga na watoto wao. Ukinywa maji, udongo wa ndani hurudi kuwa tope, na matofali hubaki yamepangana tu kwa mazoea.

Asubuhi ya Sabato maji yalikuwa yameondoka, yameacha tope jekundu la kufika kwenye kifundo cha mguu. Washiriki wa kanisa walikuja na majembe badala ya kwenda ibadani, na mzee wa kanisa alisali akiwa ameshika koleo. Tulitoa tope lote siku hiyohiyo, likiwa bado laini. Likikauka sakafuni lingehitaji sururu. Magodoro mawili tuliyatupa, kwani godoro lililokunywa maji ya barabarani yaliyochanganyika na ya choo halina dawa. Choo chenyewe kilikuwa kimetitia upande mmoja. Chemchemi tunayochota maji ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, tukachemsha kila tone kwa wiki tatu.

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na hati ya shamba tulivikuta vimegandamana ndani ya mfuko wa karatasi. Mama mkwe alivitenganisha kwa ncha ya sindano ya kushonea vikapu, jani moja moja, akavilaza juu ya ungo kivulini. Alikataza katakata visiwekwe juani. Wino wa chifu wa zamani bado unasomeka.

Kitu kilichonitoa machozi kilikuwa bakuli. Ni bakuli la jiwe la Tabaka, lenye rangi ya waridi na nyeupe, nililopewa na marehemu mama siku ya harusi. Nililikuta chini ya kabati limejaa tope hadi juu, limesawazika kama uji uliomiminwa. Nikamimina tope, nikaliosha bakuli kwa kidole, na ile michirizi ya waridi ikajitokeza moja baada ya nyingine. Halikuwa na hata ufa. Nikaketi kwenye tope na kulia kama mtoto.

Jumatatu asubuhi redio ikatangaza mafuriko ya Mai Mahiu, maji yaliyowachukua watu usingizini, zaidi ya 40. Nilikuwa nafua sare za shule. Niliacha kufua. Kuanzia hapo kila nilipotaka kunung'unika juu ya mabati niliona aibu, na aibu hiyo ilichangia kosa nililokuja kulifanya.

Shemeji yangu, kwa nia njema, alileta majiko mawili ya makaa ili tukaushe vyumba. Mpango ulikuwa tufunge madirisha, joto lisitoke, tulale humo. Jirani yetu ni muuguzi. Alipoyaona majiko alipiga kelele ambayo sijawahi kumsikia akiipiga. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, nawe hulala usiamke. Akayabeba nje mwenyewe kwa khanga. Nalisema hili kila ninapopata nafasi, maana mvua ikinyesha wiki mbili mfululizo hilo ndilo wazo linalomjia kila mtu.

Kosa langu sasa. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, zikasogezwa, zikasogezwa tena, mwishowe zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Nilikuwa narudi darasani kufundisha huku nikilala jikoni kwa mama mkwe na watoto watatu, na mume wangu yuko kazini Nairobi. Hakuna aliyenisema. Lakini mwanamke mwenye nyumba yake akilala jikoni kwa mwingine, hata awe mama mkwe mwema namna gani, huhesabu siku. Nikakopa shilingi 90,000 kwenye chama chetu. Fundi akaja mwanzoni mwa Juni, akatazama ukuta, akasema ungengojewa kidogo. Nikamwambia sina kidogo. Tukapiga plasta ya saruji kuta zote, ndani na nje, tukapaka rangi ya maziwa. Mabati yakarudi juu. Nyumba iling'aa kuliko ilivyokuwa siku ya kuhamia.

Sabato ya pili ya Julai nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nilisema Bwana amenirudishia nyumba yangu. Watu wakasema amina, na mimi nikaamini kila neno nililolitamka.

Agosti ukuta ukaanza kulia. Kwanza ilikuwa madoa, kama mtu ameegemea ukuta na shati lenye jasho. Kisha rangi ikavimba malengelenge, na nilipolibonyeza moja kwa kidole likapasuka na kumwaga unga mweupe wenye chumvichumvi. Nyuma ya kitanda cha watoto kuvu jeusi lilikuwa limepanda hadi kimo cha mtoto wa miaka saba. Wa mwisho alikuwa anakohoa wiki ya tatu. Daktari alimsikiliza kifua, akaniuliza swali moja tu: "Mnalala wapi?"

Jioni hiyo Tata alifika, akakohoa, akasimama nje kwenye ukuta wa nyuma. Aligonga tofali kwa mpini wa panga. Akasogea, akagonga tena. Sauti ilikuwa nzito, fupi, kama kugonga gunia la mahindi mabichi.

"Mwanangu," akasema, "nyumba hii umeivisha koti ikiwa imelowa."

Hakusema zaidi, wala hakuwa ananilaumu. Ndivyo ilivyokuwa hasa. Maji yaliyokuwa kwenye udongo kati ya matofali yalikuwa yanatafuta njia ya kutoka, na mimi nilikuwa nimeziba zote kwa saruji, mbele na nyuma. Udongo hupumua, saruji haiuruhusu.

Tuliibandua plasta yote. Siku tatu za patasi na nyundo, na kila kibanzi kilichoanguka nilikijua bei yake. Usiku mmoja nilikaa nje nikahesabu marejesho yaliyobaki ya chama, nikamwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika hapa. Nikarudi jikoni kwa mama mkwe. Alikuwa ameshatandika.

Wanaume wa kijiji waliitana risaga, kazi ya ujirani kama ya zamani, ambapo watu hulimiana shamba kwa zamu. Walichimba mtaro juu ya nyumba, ukikata mteremko kwa mshazari ili maji ya barabarani yapelekwe kwenye nepia badala ya ukutani. Kina cha goti, upana wa majembe mawili. Zamani risaga ililipwa kwa pombe. Sisi tuliwapikia obokima, yaani ugali, na mboga ya chinsaga, na chai ya maziwa isiyo na kipimo. Walipomaliza walipanda nepia kwenye kingo zote mbili, udongo ushikwe.

Kisha tukangoja, na hii ndiyo sehemu ngumu kuisimulia kwa sababu hakuna kilichotokea. Tulifungua madirisha asubuhi na kuyafunga mvua ikija. Fundi, yuleyule, alinifundisha kubandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne na kukiacha usiku kucha. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta bado unatoa maji. Septemba matone. Oktoba matone. Bonasi ya chai ilipotoka ilinunua misumari yenye vifuniko vya mpira na kanda za chuma za kufungia mbao za paa kwenye ukuta, chini kabisa ya mistari minne ya matofali, upepo ujao uinue ukuta mzima ukitaka paa. Novemba matone machache.

Desemba fundi akaanza chini. Alikwangua udongo ulioharibika kwenye mistari ya kwanza mitano, kipande cha hatua moja kwa wakati, akitoa matofali yaliyolainika na kuweka mapya kwa saruji, anaacha kikauke, anaruka hatua mbili, anafanya kingine. Nilimwuliza kwa nini haendi mfululizo. Akasema ukimtoa mtu meno yote siku moja atakula nini. Kuta za ndani alizipaka udongo, mchanga na kinyesi cha ng'ombe, kama alivyofanya bibi yangu kule Manga. Kwa nje aliacha matofali wazi, akajaza mistari tu.

Kila Jumapili jioni, kuanzia Agosti hadi mwaka ukageuka, Tata alikuja kugonga ukuta. Mimi nilikaa ndani, kiganja nimekilaza upande wa pili. Yeye anagonga, mimi nasema ninavyosikia: baridi, baridi kidogo, bado. Katika miaka 14 hatukuwahi kuzungumza kwa muda mrefu kiasi hicho, yeye nje, mimi ndani, tofali moja katikati. Alinieleza mvua za El Niño za 1997, jinsi walivyomfungua ng'ombe gizani. Alinieleza alivyojenga nyumba yake ya kwanza. Nilimweleza juu ya ushuhuda wangu wa Julai, na aibu niliyobaki nayo. Alinyamaza, akagonga tofali lililofuata.

Februari 2025 jua lilikuwa limewaka wiki tatu. Nailoni ilikuwa imeamka kavu siku nne. Tata alifika, akakohoa, akapita nyuma ya nyumba. Niliingia chumba cha watoto, nikalaza kiganja mahali lilipokuwa kuvu, na nikaweka sikio pia. Akagonga. Sauti ilipita ndani ya tofali nyepesi, kali, kama kugonga chungu kilichotoka tanuruni.

"Unasikia?" akauliza.

"Nasikia, Tata."

Akagonga tena, ingawa hapakuwa na haja.