Safari ya Kipalapala: barua ambayo mzazi haiandiki

Treni ya kutoka Kigoma ilituingiza Tabora asubuhi, mimi na mke wangu, tukiwa na dumu la mawese, mfuko wa chumvi tuliyonunua Uvinza na daftari la michango. Daftari ndilo nililolishika njia nzima. Ndani yake mlikuwa na majina ya wanajumuiya waliokwisha kuahidi: huyu mbuzi, yule gunia la mchele, mwingine maturubai. Kijana wetu yuko mwaka wa tatu wa teolojia, na kijijini walikuwa wameshaanza kuniita Baba Padre. Sitaficha, jina hilo nililipenda.

Mgeni wa Tabora huanza kuiona miembe. Ni mikubwa, mingine mizee sana, na wenyeji watakuambia habari za misafara iliyopumzika chini ya vivuli vyake zamani. Tulikunywa chai karibu na stesheni, tukachukua bajaji hadi Kipalapala, nje kidogo ya mji.

Hapa ndipo ilipo Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo, iliyoanza mwaka 1925. Mapadre wa kwanza wazalendo wa Tanganyika walipewa daraja mwaka 1917 kule Rubya, Bukoba, kwa hiyo mahali hapa pamewalea vijana karibu tangu mwanzo wa safari hiyo.

Nilitegemea kumkuta kijana maktaba. Tulimkuta bustanini, suruali ameikunja hadi magotini, anamwagilia mchicha.

"Shikamoo baba, shikamoo mama," alisema, akifuta mikono yenye udongo. Nikamuuliza kama hii ndiyo teolojia. Akacheka. "Baba, wiki hii ni zamu yangu. Nisipomwagilia, wenzangu hawali mboga."

Padre mmoja mlezi alitukaribisha, akatueleza yale ambayo sisi wazazi huwa hatuulizi. Sheria ya Kanisa inataka frateri asome miaka isiyopungua 6: falsafa miaka 2 kamili na teolojia miaka 4. Juu ya hapo kuna mwaka wa malezi mwanzoni, na kuna muda wa kuishi parokiani pamoja na watu. Hakuna anayepewa upadre kabla ya kutimiza miaka 25, na kati ya ushemasi na upadre lazima ipite angalau miezi 6.

"Lakini vitabu ni sehemu moja tu," alisema. Akataja nguzo 4 ambazo Papa Yohane Paulo wa Pili aliziandikia mwaka 1992: utu, roho, akili na uchungaji. Utu ndio msingi. Mtu asiyeweza kuamka bila kusukumwa, kuosha vyombo vya wenzake, kuomba radhi au kuishi na mtu asiyempenda, atawezaje kukabidhiwa parokia yenye vigango kumi?

Mchana tulikaa chini ya mti na kijana wetu. Mama yake akaanza kumsimulia ugomvi wake na dada yake kuhusu kiwanja cha marehemu babu. Mimi naijua habari hiyo, ni ndefu. Zamani huyu mtoto alikuwa anakujibu kabla hujamaliza sentensi. Siku hiyo alisikiliza nusu saa nzima, kisha akauliza swali moja tu: "Na mama mdogo yeye anaumia wapi?" Mke wangu akanyamaza, akajipangusa macho kwa khanga.

Nikamuuliza hayo amejifunza darasa gani. Akatusimulia habari ya wodini. Mara ya kwanza alipotumwa kutembelea wagonjwa, alikwenda na Biblia na maneno mengi aliyoyaandaa. Mzee mmoja akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba amkate kucha, maana hakuwa na ndugu wa kumkata. "Baba, nilikuwa nimesoma falsafa yote ile, na sikujua nianzie kidole gani." Wiki iliyofuata alirudi na wembe, maneno akayapunguza.

Niliona wakati umefika. Nikatoa daftari, nikamwambia maandalizi yanakwenda vizuri, atupe tu tarehe.

Akaliangalia, hakulifungua. "Baba, barua bado sijaandika."

Barua gani? Yule padre alikuwa ametugusia asubuhi nami sikutilia maanani. Kabla ya kupewa ushemasi, na kabla ya kupewa upadre, mwombaji humpa askofu wake tamko aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe na kulitia sahihi, kwamba anaomba daraja hilo kwa hiari yake na kwa maisha yake yote. Sheria hiyohiyo inakataza kabisa mtu kulazimishwa apokee daraja, kwa njia yoyote na kwa sababu yoyote.

"Bado nasali, bado naongea na mlezi wangu," alisema. "Kila nikishika kalamu naona lile daftari. Kwani nisipoiandika mtanipokea?"

Mimi nilichelewa kujibu. Nilikuwa nawaza mbuzi, maturubai na lile jina langu jipya. Mama yake ndiye aliyejibu: "Chumba chako kipo. Nimeweka kuku humo, lakini nitawatoa."

Akacheka hadi akainama. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu tufike. Nami nikarudisha daftari kwenye mfuko, nikamwambia, "Andika lililo moyoni mwako. Likiwa ndiyo, tutashangilia. Likiwa hapana, wewe ni mwanangu vilevile." Zile dakika nilizochelewa bado zinanisuta.

Mzazi mwenzangu, ukiwa na mtoto seminari au utawani, mtembelee ukiweza. Muulize analala vizuri, anao rafiki, nini kinamlemea. Usimuulize "lini?" Wanaomlea wana kazi ya kumpima, na yeye ana kazi ya kujipima. Akirudi nyumbani baada ya kujipima kwa uaminifu, hajaaibisha ukoo. Kijana aliyejifunza kusikiliza na kukata kucha za mgonjwa atafaa popote atakapokuwa.

Tuliporudi nilimkabidhi katibu wa jumuiya lile daftari, nikaomba michango isimame kwanza. Wapo waliodhani kijana amefukuzwa. Nimewaeleza, wengine wameelewa, wengine bado. Barua sijui kama imeandikwa, wala sijauliza. Mke wangu amekwisha kuwatoa kuku na kukipiga deki chumba.